Anataka anione mlangoni mwa kanisa, mimi nataka anione kabla

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 29, naishi Tabata na wazazi wangu. Ndoa yangu ni Jumamosi ya pili ya Novemba, misa saa 8 mchana katika parokia yetu hapahapa Tabata, na sherehe usiku ukumbini Segerea. Kicheni pati na sendofu vimeshapita salama. Mambo ya michango kamati inapambana nayo, siandiki kwa ajili hiyo.

Ninaandika kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini limetuweka kimya mimi na mwenzangu kwa siku nne sasa.

Mpiga picha wetu alikuja na wazo. Siku ya harusi, saa 5 asubuhi, niwe nimeshavaa shela na mwenzangu ameshavaa suti, tukutane wawili tu kwenye bustani ya hoteli moja Masaki kabla ya kwenda kanisani. Mwenzangu atasimama amenipa mgongo. Mimi nitakuja taratibu kwa nyuma, nimguse bega, ageuke anione. Mpiga picha anarekodi. Baada ya hapo tunapiga picha zetu zote, na tukitoka kanisani hatuna haraka tena. Alituonyesha video za maharusi wengine aliowafanyia hivyo na kweli zinapendeza. Bei inaongezeka laki mbili na nusu, na bustani tunalipia sisi. Hoja yake ni kwamba misa ikianza saa 8 tutatoka saa 10, kupeana mikono na picha za ndugu mpaka saa 11, na tukisema twende bustani ya Karimjee au ufukwe wa Coco Beach tutafika giza linaingia.

Mimi wazo nililipenda palepale. Mwenzangu hakulipenda. Alisema, "Nataka nikuone ukitokea mlangoni, baba yako amekushika mkono, na mimi nimesimama mbele." Kaka yake alioa miaka miwili iliyopita katika kanisa la Kilutheri la upande wa mke, huko Mbezi, na mwenzangu ndiye aliyesimama naye mbele. Alimwona kaka yake, mtu ambaye hakutoa chozi hata baba yao alipofariki, analia kama mtoto bibi harusi alipoingia. Tangu siku ile anaisubiri ya kwake. Nikamwambia sisi tutafunga jozi tatu katika misa moja, kwa hiyo hata hapo mlangoni watakuwepo mabibi harusi wengine wawili na mashela yao. Akasema hao hatawaona. (Padre kwenye mafundisho alishatueleza kwamba atatupokea nje ya mlango na kutuingiza pamoja nyuma ya watumishi wa altare, jozi kwa jozi. Siku hiyo mwenzangu alikuwa zamu, anafanya kazi bandarini, na mimi sikuona haja ya kumsimulia maana ni mambo ya utaratibu tu.)

Nilipozidi kumshawishi akasema, "Kama unampenda sana mpiga picha, fanya unavyotaka." Ndipo tukanyamaza.

Halafu kuna mama. Mama ni Mluguru wa Matombo. Aliposikia aliacha kuchambua mchele, akaniangalia, akasema, "Mwali haonwi kabla hajatolewa. Utakuwa umejitoa mwenyewe." Mama mkubwa akaongeza kwamba ni mkosi. Baba anasema tuelewane sisi kwa sisi, yeye atavaa suti yake na kungoja gari.

Sijui kama hili nalo linahusika, lakini nalisema. Mimi ninaogopa watu. Kwenye sendofu mshereheshaji alinituma nimtafute mwenzangu ukumbini nikamtambulishe kwa wazazi. Nilipita meza tatu nikiwa sioni sura ya mtu, watu wanacheka, mziki unapigwa, miguu inatetemeka. Yeye alikuwa meza ya pili, nilimpita. Nilipomfikia mwishoni alinishika kiganja akanipulizia usoni kidogo, nikapata akili. Nimekuwa nikifikiria kwamba nikimwona asubuhi, nikamshika mkono tukiwa wawili, kanisani nitaweza kusema kiapo changu bila sauti kukatika.

Je, niendelee kumshawishi au niache? Na mama nimjibu nini?

Bibi harusi mtarajiwa, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeanza na mpiga picha, ukaja kwa mwenzako, ukamaliza na mama, na nimekuelewa. Lakini mambo mawili yaliyobeba barua nzima umeyaficha. Moja umelifungia kwenye mabano. Jingine umeliandika mwishoni, ukalitangulizia "sijui kama linahusika". Mimi nitaanza na hayo.

La kwenye mabano kwanza. Mwenzako anapigania kitu ambacho hakitakuwepo, na wewe unajua kwamba hakitakuwepo, na hujamwambia.

Nina jirani hapa Magomeni ambaye ni katekista, nikaenda kumuuliza ili nisikujibu kwa kubahatisha mambo ya Kanisa lenu. Amenieleza kwamba utaratibu wa Kikatoliki wa kufungisha ndoa, ule uliotoka mwaka 1969 na kupitiwa upya mwaka 1990, unaanza hivi: padre anakwenda mlangoni, anawapokea bwana na bibi harusi, anawasalimu, kisha wote wanaingia kwa maandamano. Ipo namna ya pili ambapo maharusi wanapokelewa mbele, na ndiyo maana umewahi kuona harusi za Kikatoliki ambazo bwana harusi anangoja karibu na altare. Kila parokia ina desturi yake. Mngekuwa jozi moja ningekuambia mkamwombe paroko awaruhusu namna hiyo ya pili. Jozi tatu ndani ya saa mbili, na huenda kuna ibada nyingine jioni, sioni akikubali, na si vizuri kumbebesha.

Sasa iweke hiyo picha akilini mwako. Saa 8 kasorobo, nje ya kanisa. Magari ya misafara mitatu yamebanana. Matarumbeta ya jozi moja hayajanyamaza, ya jozi nyingine yanaingia getini. Wasimamizi wanatafuta kalamu na pete. Mtu wa kamati anapiga kelele gari la bibi harusi lisogezwe. Wewe unashuka, mpambe anainua mkia wa shela usishike vumbi, na mwenzako yuko hatua nne kutoka hapo anapanguswa jasho na rafiki yake. Hapo ndipo atakapokuona kwa mara ya kwanza, mwanangu. Hatakuwa amesimama mbele na kwaya ikiimba, wala baba hatakuwa amekushika mkono. Atakuona parkingi.

Naye siku hiyo atatambua kwamba wewe ulijua. Ulikuwepo kwenye mafundisho. Uligombana naye siku nne juu ya mlango, na ulijua mlango wenyewe haupo. Naamini hukufanya kwa ubaya. Uliona ni "utaratibu tu". Lakini kwake yeye huo utaratibu ndio harusi yenyewe, maana ndicho kitu kimoja alichokitaka katika siku ambayo mengine yote yameamuliwa na kamati. Mtu wa bandarini, wa zamu za usiku, hakuchagua rangi ya mapambo wala keki, naweka dau. Alichagua kukuona ukitokea mlangoni. Anastahili kujua mapema ili aomboleze kidogo, kisha achague kingine.

La pili ni lile la mwishoni. Umemwambia mwenzako kwamba unataka muonane kabla kwa ajili ya picha. Yeye amekusikia hivyo hivyo ulivyosema, na ndiyo maana akakujibu kwa mpiga picha. Kumbe wewe unaogopa watu. Unataka akushike kiganja akupulizie usoni kama siku ile ya sendofu, ili upate sauti ya kusema kiapo. Hiyo sababu umeniandikia mimi nisiyekujua, na yeye hujampa. Ungempa hiyo kwanza sidhani kama mngenyamaza hata siku moja. Aliyekupulizia ukumbini bila kuambiwa na mtu ni mwanamume anayekuona. Usimpe sababu ya kuazima wakati unayo yako.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, uendelee kumshawishi au uache: acha kushawishi. Mwambie haya mawili, la padre na la hofu yako, kisha mwulize yeye, "Ungependa unione wapi?" Mimi nina wazo langu nitakalokupa, lakini mahali apachague yeye, kwa sababu wewe ndiye unayepata unachotaka na yeye ndiye anayepoteza.

Sasa mama.

Nakusihi usimhesabu mama pamoja na mama mkubwa. Wamesema mambo mawili tofauti. Mama mkubwa amesema mkosi, na hilo halina uzito. Katekista wangu alinionyesha kwamba Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1057, zinasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili wanaooana. Kuonana asubuhi hakuongezi wala hakupunguzi ridhaa. Mnatangazwa kanisani, watu wanasikia, mwenye pingamizi anasema. Serikali nayo kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21. Hayo ndiyo yanayolinda ndoa. Mkosi wa macho haumo.

Mama hakusema mkosi. Rudia alivyosema: "Utakuwa umejitoa mwenyewe."

Wewe umekulia Tabata, pengine umeucheza mwali kwenye kicheni pati kwa kanga na vicheko. Mama yako wa Matombo analijua neno hilo kwa uzito wake. Kwa Waluguru, na kwa Wazaramo wenye ardhi hii ya Dar es Salaam tunayoikalia, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Alikaa miezi, zamani hata zaidi ya mwaka, anafundwa, haonwi na wanaume. Siku yake ikifika hakufungua mlango akatoka. Alitolewa. Walikuwepo wanawake waliomlea, ilikuwepo ngoma, alibebwa mabegani watu wamwone, na kila mtu alijua ametoka mikononi mwa nani. Kutolewa ndiko kulikosema kwamba huyu ana wenyewe.

Mama anapokusikia unasema saa 5 utakuwa Masaki kwenye bustani ya hoteli na mpiga picha, anachoona ni binti yake kaondoka nyumbani asubuhi peke yake kwa gari, kaonwa huko mbali, na akirudi kupelekwa kanisani hakuna tena wa kumtoa. Kazi ya mama imefanywa na mtu wa kamera. Hata mimi ningeacha mchele.

Usimjibu kwa kanuni ya 1057, basi. Wala usimwambie mambo yamebadilika. Na akitokea wa kusema haya ni ya kizungu yaachwe, hoja hiyo nayo haisimami, maana hata hilo shela jeupe lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa gauni jeupe mwaka 1840, na hakuna mama hapa mjini anayetaka mwanawe aolewe bila shela. Mambo tunachukua. Tunachoangalia ni nani ameshika mlango.

Nikusimulie ya kwangu kidogo. Mimi ni Mwislamu wa Pwani, niliolewa mwaka 1988 hapahapa Magomeni. Sheikh alishatuma watu kuchukua idhini yangu, akdi ikafungwa barazani, baba yangu, bwana harusi, mashahidi, na wazee wa mtaa. Mimi sikuwepo hapo barazani. Nilikuwa chumbani na somo yangu, yule mwanamke aliyenifunda, nimefukizwa udi, hina imeiva mikononi, kanga imenifunika uso. Nikasikia wanaume nje wanaitikia dua, nikajua nimeshakuwa mke wa mtu. Kisha bwana harusi akaletwa mlangoni kwangu. Wanawake wakamzuia. Mlango haukufunguliwa mpaka alipotoa kifungua mlango, na shangazi zangu siku hiyo hawakuwa wepesi. Akaingia, kanga ikainuliwa, akaweka mkono juu ya paji la uso wangu akasoma dua, akanipa kipamkono changu, bangili mbili. Somo alikuwepo kwenye kona ameangalia pembeni. Haikufika dakika kumi. Hakuna picha hata moja. Mpiga picha alikuwa na mikanda miwili ya picha 36 na yote iliishia nje kwa wageni.

Siku ile nzima imeshaniponyoka. Chakula sikumbuki, zawadi sikumbuki nani alileta nini. Zile dakika chini ya kumi ninazo zote, mpaka namna mkono wake ulivyokuwa wa baridi.

Nimekusimulia ili ujue kwamba kuonana faragha siku ya harusi si kitu kilicholetwa na mpiga picha wako. Pwani kilikuwepo. Kwetu kilikuja baada ya akdi, kwenu kitakuwa kabla ya kiapo, na tofauti hiyo ni kubwa, siifichi. Ndiyo maana huwezi kuchukua kuonana kwetu ukakupachika kama kulivyo. Mwenzako bado ni mchumba saa hiyo, na atakuja kama mchumba. Lakini mlango, mwenye mlango, na mgeni anayebisha hodi, hivyo unaweza kuvichukua.

Wazo langu ni hili. Msionane Masaki, muonane nyumbani kwenu Tabata.

Misa ni saa 8. Mpambaji mwite aje nyumbani saa 12 asubuhi, usiende saluni, Jumamosi saluni zinajaa mabibi harusi na hutajua utamaliza saa ngapi. Saa 5 uwe umevaa. Mwenzako aje saa 5 na nusu na mtu mmoja tu, yule kaka yake. Abishe hodi kama mgeni. Mama ndiye atakayemkaribisha, mama ndiye atakayekwenda chumbani kwako, akushike mkono akutoe mpaka sebuleni. Kisha mama atoke, na wengine wote watoke, mlango urudishwe bila kufungwa. Dakika kumi. Baada ya hapo dakika thelathini za picha hapo barazani na uani, kisha mwenzako anaondoka kwa gari lake na kutangulia kanisani. Wewe unapata kitu cha kula. Nasema hivi kwa uzoefu wa kukaa kamati nyingi: bibi harusi asiyekula mpaka saa 8 hutetemeka kwa njaa akadhani ni hofu. Saa 7 unatolewa sasa kwa matarumbeta na vigelegele, baba kwenye gari na suti yake, kama ilivyopangwa.

Kwa namna hiyo mama anakuwa amekutoa, tena mara mbili. Hujajitoa. Mwenzako anakuona ukitokea mlangoni, mzazi wako amekushika mkono, yeye amesimama anangoja. Si mlango alioutaka, lakini ni mlango, na hakuna mabibi harusi wengine wawili. Baba akitaka awe naye upande wa pili, wakutoe wote wawili. Usimpangie, mwulize.

Huenda mama akakataa hata hivyo. Basi kubali, na mbaki na namna nyingine: baada ya misa, mkishasaini vitabu na vyeti, mwombeni katekista chumba kimoja cha parokia kwa dakika tano kabla ya kutoka kwenye mikono ya watu. Haitakusaidia kwa hofu ya kiapo, na hilo umwambie mama wazi. Mama akijua unaogopa si wa kukuacha hivihivi. Pengine yeye mwenyewe ndiye atakayepata la kufanya.

Sasa mpiga picha. Hesabu yake si ya uongo. Katikati ya Novemba hapa Dar jua linazama kama saa 12 na dakika 20 jioni, na giza letu halina subira, linaingia mara moja. Kutoka Tabata baada ya misa, mkapita Mandela na Barabara ya Nyerere Jumamosi jioni hadi Karimjee, mtapiga picha za taa za barabarani. Lakini ya Masaki nayo ina kasoro ambazo hakuwaambia. Saa 6 mchana mwezi huo jua liko karibu utosini. Mwanga wa juu namna hiyo unatia vivuli chini ya macho na pua, na shela jeupe linawaka mpaka urembo wa kitambaa hauonekani. Na ni mwezi wa vuli, mvua ikikukuta bustanini na shela lako utalia kabla ya kiapo. Baraza la nyumbani kwenu lina kivuli laini, na mvua ikinyesha mko ndani. Na utoke Masaki urudi Tabata mchana wa Jumamosi kwa ajili ya nini?

Kwa hiyo mlipe kwa saa za ziada za asubuhi kama zipo, bustani msilipie, na Coco Beach isahauni siku hiyo. Mkitaka bahari nendeni wiki inayofuata na nguo za kawaida, mmeshapumzika.

Jambo moja usilegeze. Katika zile dakika kumi mpiga picha asiwepo ndani. Mpe ruhusa ya picha wakati mama anakutoa chumbani, akiwa nje dirishani au kwenye kona ya baraza, kisha ashushe kamera. Nina sababu. Katika kamati ya harusi ya binti wa jirani yangu tulikubali hiyo ya bwana harusi kugeuka. Kijana aligeuka, akamwona bibi harusi, akashtuka kweli, akafunika mdomo. Mpiga picha akasema taa haikukaa sawa, rudieni. Akarudia. Mara ya tatu akaambiwa, "Shangaa zaidi kidogo." Nilikuwa nimesimama palepale na pochi ya bibi harusi mkononi, nikaona uso wa yule kijana unavyofungwa. Video ilitoka nzuri sana, na ni ile ya mara ya tatu. Ile ya kwanza aliyoshtuka kweli haimo.

Tena mwambie mapema, kwa maandishi kwenye makubaliano yenu, kwamba asiweke mtandaoni picha yoyote ya asubuhi kabla hamjamruhusu. Mwenzako asije akaikuta kwenye simu ya mfanyakazi mwenzake Jumatatu.

Kuhusu hofu yako yenyewe, mshike mwenzako mkono hapo sebuleni na mrudie kiapo chenu pamoja, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Padre aliwapa maneno kwenye mafundisho. Kama mwenzako hakuwepo siku hiyo, mpe nakala. Sauti ikikatika hapo, ikatike. Mbele ya padre utakuwa unarudia kitu ulichokwisha kumwambia akiwa karibu, na kanisa zima litakuwa nyuma ya migongo yenu. Katika kusema kiapo mnatazamana, mwanangu. Hao watu huwaoni.

Siku yenyewe mama akikutoa, usiseme kitu kwanza. Mwache mwenzako akuangalie. Amekaa miaka miwili anaisubiri.

Lakini hayo yote ni ya Novemba. La leo ni la padre na mlango. Mtafute mwenzako kabla hajaingia zamu, mwambie ana kwa ana, usimwandikie kwenye simu, na umwambie kwamba ulijua.